Eda ya Wawili

Umi alifika Kivinje siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, wakati masufuria ya pilau yanakwanguliwa uani na wanawake wamenyoosha miguu, wanazungumza kwa sauti ya chini ya watu walioshiba. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba, akasimama barabarani na begi moja la nailoni na ndoo yenye kifuniko. Alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Tumbo lilimtangulia.

Adija alimwona kupitia mlango wa ukumbini. Yeye naye alikuwa katika nyeupe, amekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, ameegemea ukuta. Kwanza alidhani ni mjane wa mtu mwingine aliyekosea nyumba. Halafu akamwona Abilahi, mdogo wa marehemu mumewe, akinyanyuka barazani upesi kumpokea mgeni begi, bila kushangaa hata kidogo, na hapo ndipo alipojua.

"Shemeji," Abilahi alisema, amesimama kizingitini anatazama vidole vyake vya miguu. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Leo ndiyo umeiona nzuri?"

"Huyu ni Umi, wa Somanga. Marehemu alimwoa mwaka juzi. Ndoa halali, mimi mwenyewe nilikuwa shahidi."

Uani, mkwaruzo wa masufuria ukanyamaza. Adija alihisi macho ya wanawake wote yakimwangukia usoni kama vumbi. Miaka ishirini na minane alikuwa mke wa Rehani. Kila wiki Rehani alikwenda Somanga kununua ng'onda wa kupeleka bara, akakaa siku mbili, wakati mwingine tatu, akarudi ananuka samaki mkavu. Na kila wiki Adija alimtengea maji ya kuoga bila kuuliza kwa nini samaki wa kununuliwa asubuhi moja wanahitaji siku tatu.

"Kwa nini hakubaki kwake?" aliuliza.

Maalim aliyesimamia hitima akajibu kwa upole. Chumba cha Somanga kilikuwa cha kupanga, na mwenye nyumba amesema hataki eda nyumbani kwake, wapangaji wengine wanaona nuksi. Kwao ni Sudi, mbali, na mama yake hayupo. Sheria inamtaka akae mahali penye stara mpaka ajifungue. Maalim akaongeza kwamba nyumba ya mume ni nyumba ya mume.

Wanawake walingoja Adija apige kelele. Wengine, kusema kweli, walitamani apige. Yeye alitazama ukuta kwa muda, akasema, "Chumba cha nyuma kina mizigo yangu ya ukindu. Isogezwe."

Umi akavua viatu, akaingia, akapiga magoti kidogo kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Adija hakuitika.

Siku za eda ni ndefu kuliko siku nyingine. Jua huingia kwa dirisha la mashariki likiwa kipande chembamba kama utepe, likatambaa sakafuni, likapanda juu ya godoro, likashuka, likatokea uani, na mtu aliyekaa hapohapo anaweza kulifuata safari yake yote kwa macho. Nje watu wanakwenda sokoni, pikipiki zinapita, muuza mkaa anapiga kelele; ndani ni kama chini ya maji. Kuna nyakati Adija alisikia wazi kabisa kikohozi cha Rehani barazani, akainua kichwa, na hata baada ya kukumbuka aliendelea kusikiliza.

Wiki mbili wajane hao waliishi kama watu wawili waliokuta kiti kimoja. Mmoja akiingia jikoni mwingine alitoka. Kila asubuhi Umi alisimama mlangoni, "Shikamoo, bi mkubwa," na kila asubuhi Adija alitazama kazi yake.

Kazi yake ilikuwa mikeka. Kabla ya msiba alikuwa ameanza mkeka mkubwa wa sebuleni, na ukindu wake, majani membamba ya mkindu yaliyoanikwa mpaka yakawa na rangi ya maziwa, ulikuwa umejaa chumba cha nyuma. Aliuchana kwa ncha ya kisu, akaulowesha, akasuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye huzungushwa na kushonwa mpaka uwe mkeka. Vidole vilikwenda vyenyewe. Katika kazi hiyo pekee hakuwa mjane wala mke aliyedanganywa. Alikuwa mikono miwili na mlio mdogo wa jani linalovutwa juu ya jani.

Siku ya kumi na sita Umi alisema kutoka mlangoni, "Bi mkubwa, naomba na mimi kidogo. Mikono inaniuma kwa kukaa bure."

Adija hakunyanyua uso. Alivuta kutoka pembeni fungu la ukindu mbovu, uliokatika na wenye madoa, ambao alikuwa ameuweka wa kuwashia moto, akausukuma sakafuni kwa mguu. Alijua anachofanya, na alijua kwamba mwenzake amejua.

Umi aliuokota wote. Jioni aliuleta ukiwa ukili wa pima nne, umekazwa vizuri, na kila mahali penye doa palikuwa pamegeuzwa chini pasionekane. Adija aliupitisha vidoleni taratibu, akitafuta kosa. Alilipata moja tu.

"Umesuka mpana mno," alisema. "Huu hauwezi kushonwa na wangu."

"Kwetu Sudi tunasuka hivi."

"Hapa si Sudi."

"Nitafumua."

"Acha," Adija alisema. Aliukunja ukili ule, akaongeza, "Kesho usuke kwa vidole vyangu. Njoo nikuoneshe."

Asubuhi iliyofuata, Umi alipotoa shikamoo, sauti ilisema marahaba kabla Adija hajaamua kuisema.

Baada ya hapo walikaa pamoja, kwenye kivuli cha ukuta wa uani, mguu wa mmoja karibu na mguu wa mwingine, ukili umelala katikati yao. Asubuhi walikunywa chai ya mchaichai. Mchana Mama Cletus, jirani wa nyumba ya pili, alipita kwa mlango wa nyuma na habari za mtaani na kitu kwenye bakuli: mbaazi za nazi, au kashata alizopika mwenyewe. Mama Cletus, ambaye jina lake la kanisani ni Agnes, ndiye aliyekuwa akiwaletea ukindu kutoka bondeni na ndiye aliyewapelekea mikeka kwa wateja, maana wao hawatoki. Akishaondoka, utulivu ulirudi, na ndani ya utulivu huo wanawake wawili wakaanza kumzungumza mtu mmoja.

Ilianza kwa bahati mbaya. Umi alikuwa anaonja mchuzi, akasema, "Angekuwepo Rehani angeongeza ndimu. Akipika samaki anatia ndimu mpaka unafumba macho."

Adija aliacha kusuka. "Akipika nani?"

Umi akatambua alipokanyaga. "Wakati mwingine tu, bi mkubwa. Nikiwa mgonjwa."

"Rehani hakuwahi kushika mwiko katika nyumba hii. Siku nilipojifungua Shamimu, nilitoka kitandani kumsongea ugali."

Alisema kwa ukali, akangoja maumivu. Yalikuja, yakakaa. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, sura ya Rehani amefunga kanga kiunoni, amefumba jicho moja kwa moshi, anakamua ndimu. Alijaribu kuikasirikia sura hiyo asiweze. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Umi, aliyekuwa ameogopa, akacheka naye akilia.

Basi wakawa wanapeana. Umi alikuwa na Rehani aliyeimba akinyoa ndevu; Adija alikuwa na Rehani wa miaka ishirini na mitano, mwembamba kama mlingoti wa simu, aliyetembea kwa miguu kutoka Nangurukuru kuja kumwona kwa kuwa nauli aliinunulia pipi. Umi hakujua kwamba alikuwa na kovu la nyoka. Alidhani ni la baiskeli. Adija hakujua kwamba aliogopa radi. Mume wa miaka ishirini na minane alikuwa akirudi kipande kwa kipande, na vipande vingine havikuwa vyake.

Kuna siku moja tu Adija aliuliza jambo alilokuwa akilibeba tangu msiba. Rehani alianguka gulioni Somanga saa nne asubuhi, kifua kimembana, na wenzake wa ng'onda wakamleta Kivinje akiwa maiti. Hakuna aliyemwambia asubuhi yake ilikuwaje.

"Siku ile," alisema, macho kwenye ukili. "Alikula nini?"

Umi hakuuliza siku ipi. "Mihogo ya nazi. Hakuimaliza. Alisema niifunike, ataimalizia akirudi." Alivuta jani, akalilaza. "Niliifunika. Waliponiambia, nilikuwa sijaifunua bado. Nilikuja nayo hapa, bi mkubwa. Kwenye ile ndoo. Ilikuwa imeshaharibika, lakini nilishindwa kuiacha kwa watu."

Walisuka. Jua likavuka ukuta.

Katika mwezi wa pili walihitaji rangi. Mkeka wa sebuleni usio na rangi ni jamvi, Adija alisema, na mteja aliyeuagiza anataka mistari myekundu. Mama Cletus aliwaletea unga wa rangi kutoka dukani, wakateleka sufuria kuukuu kwenye mafiga, wakazamisha ukindu kwenye maji yanayotokota mekundu kama jua la magharibi. Harufu yake ni ya majani na chuma. Waliugeuza kwa kijiti, wakautoa, wakauanika kwenye kamba, na uani kukawa na pazia jekundu linalocheza kwa upepo, na wao wawili katika nyeupe nyuma yake. Adija alijisikia amepumzika kwa namna ambayo ilimtia aibu.

Rangi ilishika vidole vyao mpaka kwenye kucha, ikarukia hadi viwikoni.

Siku ya pili alikuja Moza, mke wa Abilahi, kuleta unga. Aliwaona wananawa. Aliweka unga, akaaga haraka. Kabla ya alasiri Abilahi alifika na Maalim, na nyuma yao Moza, na nyuma ya Moza wanawake wawili wa mtaani ambao hawakuwa na shughuli yoyote pale.

"Shemeji," Abilahi alisema, "nimeambiwa jambo, na sikupenda kuliamini. Kwamba ndugu yangu hajamaliza miezi mitatu ardhini, na wake zake wanapaka hina."

Adija aliitazama mikono yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja. Hakuwahi kuambiwa aoneshe mikono yake tangu shule ya msingi.

"Hebu tuone," Moza alisema.

Umi alianza kuficha mikono chini ya mtandio. Adija akamshika vifundo vya mikono, akaiinua pamoja na yake, minne yote ikaonekana. "Tazameni," alisema. "Tazameni vizuri. Maalim, sogea, wewe ndiye mwenye elimu. Hii hina gani inayopakwa mpaka kwenye kiwiko, na kwenye kidole gumba cha mguu?" Akavuta upindo, akaonesha mguu uliodondokewa. "Na kwenye sufuria? Na kwenye yule paka?"

Paka wa nyumba alikuwa amelala juu ya gunia, na kweli mkia wake ulikuwa mwekundu.

Mmoja wa wale wanawake akaguna kwa kicheko. Maalim alikwenda kwenye sufuria, akachungulia, akarudi anajikuna ndevu. "Hii ni rangi ya mkeka," alisema. "Kazi ya mikono haina kosa. Tuwaombe radhi." Yeye akaomba. Abilahi alisema tu, "Sawa," lakini hakuondoka. Wenzake walipotoka, alibaki anatembea kutoka ukumbini hadi chumba cha mbele, na kutoka mfukoni akatoa futi ya chuma, akaanza kupima ukuta unaotazama barabara.

"Unapima nini?" Adija aliuliza.

"Napima tu. Hapa pangefaa duka." Alikunja futi. "Shemeji, mimi si mtu mbaya. Sheria unaijua. Kaka ameacha binti mmoja, Shamimu. Tumbo hili likitoka na mtoto wa kiume, mimi sina changu, nitanyanyua mikono. Likitoka na wa kike, na mimi nina fungu langu katika nyumba hii. Tunasubiri tumbo."

Alipoondoka, Umi alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo, vidole vyekundu juu ya nguo nyeupe, kama mtu anayeziba masikio ya mtoto asisikie.

Kuanzia hapo kitu kikaharibika, na aliyekiharibu ni Adija mwenyewe, ijapokuwa hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Alianza kumtunza Umi. Kichwa cha samaki kilikuwa cha Umi. Maziwa, Umi. Godoro zuri lilihamia chumba cha nyuma. Alimzuia kuinama, kunyanyua ndoo, kukaa karibu na moshi. Na baada ya kila sala alikaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida, akiomba mtoto wa kiume atoke kwenye tumbo la mke mwenzake, kwa bidii ambayo hata tumbo lake mwenyewe hakuwahi kuliombea.

Binti yake, Shamimu, alipiga simu kutoka mji wa Masoko. "Mama, unamlea mke wa mumeo kama kuku wa mayai."

"Ni mdogo wako yumo mle."

"Ni nyumba imo mle," Shamimu alisema, na Adija akakata simu kwa kuwa mtoto amesema kweli.

Umi aliyaona. Mchana mmoja alipewa bakuli la supu ya pweza, akaliweka chini bila kulionja.

"Bi mkubwa. Hii ni ya nani?"

"Yako. Kunywa ikiwa moto."

"Yangu, au ya mvulana?"

Adija alilisogeza bakuli karibu naye.

"Kabla Abilahi hajaja na futi yake," Umi alisema taratibu, "ulinipa kashata moja, ukala moja. Nilikuwa nashiba. Sasa unanipa vyote, na mimi usingizi sipati. Je, akiwa msichana, utanisukumia tena ukindu wa kuwashia moto?"

"Usiseme maneno hayo."

"Nayasema kwa sababu nayaogopa."

Adija alitazama lile bakuli, mvuke ukipanda. Angetaka kusema hapana, haitakuwa hivyo. Lakini alikuwa mkweli kwa nafsi yake, na hakujua. Alinyanyua bakuli, akanywa nusu, akamrudishia nusu. Umi akainywa. Hilo lilikuwa jambo pekee waliloweza kulifanya siku ile.

Uchungu ulianza Jumapili, mara baada ya adhuhuri, zikiwa zimebaki siku thelathini na tatu kwa Adija kumaliza eda. Mama Cletus alikuja na bajaji, akamkumbatia Umi kiunoni, wakaondoka kwenda hospitali. Adija alibaki mlangoni, nyuma ya kizingiti, mpaka vumbi lilipotulia.

Nyumba haikuwahi kuwa kimya namna ile. Alichukua ukili, akasuka, akakosea, akafumua. Alisuka tena. Ukindu mwekundu juu ya mweupe, chini ya mweupe, juu. Akaona kwamba anaongea na Rehani kwa sauti, anamgombeza kwa mambo ya zamani sana, nauli na pipi na mihogo, na Rehani alikuwa amekaa palepale pa siku zote akisikiliza kwa adabu, kanga kiunoni. Hakushtuka. Alasiri ikaingia, ikapita. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kisimani Mama Cletus aliporudi. Alikuja peke yake.

"Wazima wote wawili," alisema kabla ya kukaa. "Msichana. Mkubwa huyo, Mama Shamimu, mashavu yanamwagika."

Adija alisema alhamdulilahi. Lilitoka lenyewe. Na mara tu lilipotoka, aliona futi ya chuma ikifunguka juu ya ukuta.

"Mbona umemwacha?"

Mama Cletus alikung'uta kanga yake bila sababu. "Hataki kurudi huku. Amempigia simu mjomba wake, keshokutwa anakwenda zake Sudi. Amenituma begi. Anasema umwie radhi, amekutia hasarani."

"Kasema hivyo? Hasarani?"

"Kasema hivyo. Kageukia ukutani, mtoto kamlaza nyuma ya mgongo. Wauguzi wanambembeleza anyonyeshe."

Adija alikaa. Alisikia ndani yake sauti mbili. Moja ilikuwa ikisema, basi, imekwisha, aende, hukumwita. Na sauti hiyo ilikuwa na haki zote. Nyingine haikuwa na maneno, ilikuwa tu picha ya mtoto amelala nyuma ya mgongo wa mama yake, anaangalia hewa. Mtoto hajui fungu. Mtoto yuko kwenye saa yake ya kwanza duniani, na tayari ameshakuwa hasara ya mtu.

Akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Mama Cletus aliuliza. "Uko edani."

"Mjane anatoka mchana akiwa na haja. Maalim alisema mwenyewe. Mimi haja ninayo."

Hakutaka bajaji. Alitembea. Kwa mara ya kwanza baada ya siku karibu mia moja alikuwa nje, na mwanga ulikuwa mwingi mno, kila kitu kilikuwa na kingo: mabati, mbuzi, nguo kwenye kamba. Watu waliacha mazungumzo alipopita, mwanamke mzima katika nyeupe, vidole vyekundu, anatembea katikati ya njia. Mbele ya nyumba ya Abilahi, Moza alisimama na ungo mkononi. "Shemeji! Kuna nini?" Adija alimpita bila kugeuza kichwa.

Wodini kulikuwa na vitanda sita. Umi alikuwa kwenye cha mwisho, uso ukutani, kama alivyosimuliwa.

"Ni msichana, bi mkubwa," alisema bila kugeuka. Alimtambua kwa hatua.

"Nimeambiwa."

"Nilimwomba Mungu pia. Usidhani sikuomba."

"Tuliomba wote. Ameamua Yeye." Adija alizunguka kitanda, akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa macho, anakunja paji la uso kwa namna ya mtu aliyepewa chenji pungufu. Adija aliijua sura hiyo. Aliiona kila asubuhi kwa miaka ishirini na minane. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umi. Uliniuliza swali, sikukujibu."

Umi akageuza kichwa.

"Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui. Jibu nimelipata njiani sasa hivi." Alimnyanyua mtoto, akamweka kifuani pa mama yake, akashikilia hapo mpaka mikono ya Umi ilipokuja kupokea. "Mnyonyeshe. Halafu tutakwenda nyumbani."

"Nyumba si itagawanywa?"

"Itagawanywa. Tutabanana."

Iligawanywa wiki mbili baadaye, ukumbini, mbele ya Maalim na wazee wawili wa ukoo. Shamimu alikuja kutoka Masoko, akakaa amenuna. Fungu la Abilahi likaangukia chumba cha mbele, kama alivyotaka, na hakuna aliyepinga. Maalim akafunua daftari, akauliza nani atasimamia fungu la mtoto mpaka akue. Lilikuwa swali la desturi tu. Abilahi alishajiweka sawa kwenye kiti. Yeye ndiye baba mdogo.

"Mama yake mkubwa," Umi alisema kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Nani?"

"Adija. Wala sitaki mwingine."

Abilahi alikohoa. Alisema kwamba kwa desturi mwanamume wa ukoo ndiye. Alisema kwamba Umi ni mgeni, hajui mambo ya Kivinje. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika jina la Adija. Shamimu, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alinyoosha mikono akaomba apewe mtoto amwone vizuri, na hakumrudisha mpaka bajaji ya kumpeleka stendi ilipopiga honi.

Kesho yake mafundi walikuja na nyundo, wakatoboa ukuta wa mbele kutia mlango wa duka. Siku nne nyumba ilitikisika. Vumbi la udongo na chokaa lilielea ukumbini, likitua juu ya chai. Adija na Umi walihamia kona ya mbali ya uani, wakamfunika mtoto kwa kanga nyepesi, wakaendelea kushona. Mlango wa katikati uliozibwa kwa matofali ulifanya nyumba iwe fupi ghafla. Mara mbili Adija alikwenda kufungua chumba cha mbele akakuta ukuta. Aliugusa, ulikuwa bado na unyevu, akarudi alikotoka.

Siku ya eda yake kwisha iliangukia Ijumaa. Wanawake walikuja asubuhi, wengi wao walewale wa siku ya hitima, wakamwogesha, wakamvua nyeupe, wakamvisha gauni la maua makubwa alilolikataa kwanza akalikubali baadaye. Walimpaka udi na manukato mpaka akapiga chafya. Shamimu alikuja na gari la kukodi. Alikuwa amemwandalia mama yake chumba huko Masoko, na pazia jipya, akapumzike mwezi mmoja, abadilishe hewa.

"Twende, mama. Gari linangoja."

Adija alisimama mlangoni. Mbele yake kulikuwa na barabara, mwanga, watu wakipita kwenda sokoni, na kila mmoja akimpongeza kwa kumaliza. Alikuwa huru kwenda kokote. Aligeuka. Umi alikuwa amekaa ndani, katika kivuli, mtoto kwenye paja, anajitahidi kutabasamu. Uzazi wake ulikuwa na siku thelathini na tatu, na mwenye arobaini hatoki.

"Nenda tu, bi mkubwa," Umi alisema. "Umechoka kukaa."

"Amebakiza siku ngapi huyu?" Adija alimwuliza Shamimu, ingawa alijua.

"Saba. Kwani vipi?"

Adija alivua viatu, akavipanga ukutani. Akarudi ndani na gauni lake la maua, akakaa mahali pake, akavuta ukili uliokuwa umeishia katikati.

"Mwambie dereva aende," alisema. "Arudi Ijumaa ijayo. Tutakuwa watatu."